Mwanya wa Sentimita Sitini na Nusu

Jiko la zamani lilitolewa Jumanne asubuhi, baada ya chai. Lilikuwa la umeme, la sahani nne, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimekufa kabla hata ya mtu aliyelinunua. Kulitoa kulichukua muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Marehemu alipoweka vigae jikoni hakulisogeza. Alivipanga kuizunguka miguu ya jiko, kama watu wanavyofagia kumzunguka mgeni aliyesinzia. Kwa hiyo jiko lilikuwa limesimama ndani ya kishimo, na ilibidi linyanyuliwe kwanza ndipo livutwe.

"Marehemu alikuwa fundi," alisema Sekhobe akihema, "lakini mvivu wa kuinua vitu."

"Alikuwa na mgongo mbaya," alisema MaPuseletso, mjane wake, kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Mgongo mbaya, na watoto wawili?"

"Sekhobe, fanya kazi."

Sekhobe alikuwa jirani wa mkabala. Ndiye aliyekuwa akifunga majiko ya nusu ya mtaa ule wa Rocklands, Bloemfontein, na alipenda kuongea kuliko kufunga majiko. Upande wa pili wa jiko alikuwapo Puseletso, mtoto wa kwanza wa nyumba, ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake tangu siku alipozaliwa, kama desturi ilivyo. Puseletso alikuwa na miaka arobaini na sita na mikono yenye nguvu. Alikuwa ameacha kazi kwenye jiko la hospitali ili amuuguze baba yake, na baba alipokwisha kuzikwa, kazi ile ilikuwa imeshapata mtu mwingine. Tangu hapo alioka. Hakuna mazishi mtaani yaliyofanyika bila ndoo zake za biskuti na trei zake za skonzi.

Jumamosi hiyo alikuwa anazikwa kiongozi wa kwaya, mtu wa watu wengi. Familia ilitaka ndoo nne za biskuti, na skonzi za kutosha uwanja mzima. Oveni ya zamani isingeweza hata ndoo moja. Jiko jipya lilikuwa la gesi, lenye oveni pana, na Puseletso alilipata zamu yake ya kupokea fedha za chama cha akina mama ilipofika. Lilikuwa limesimama kwenye veranda, bado limevaa plastiki.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Makabati yalikuwa yale yale ya marehemu, aliyoyatengeneza mwenyewe kwa mbao za mabehewa alizokuwa akibeba moja moja kutoka karakana ya reli. Kati ya kabati la kushoto na la kulia palikuwa na mwanya uliokuwa wa jiko la zamani. Bomba la gesi lilishapitishwa ukutani, likitokeza nyuma ya mwanya huo. Kwingine jiko lisingekaa: ukuta mmoja una mlango, mwingine una friji na dirisha, na bomba halifiki.

Sekhobe alipima mwanya juu, katikati na chini. Sentimita sitini na nusu. Akapima jiko. Hamsini na tisa nukta nane.

"Linaingia," alisema, "na njia ya panya inabaki."

Akajaza kile kishimo kwa kipande cha ubao mpaka kikalingana na vigae, akaweka pima maji juu yake, akaridhika. Kisha yeye na Puseletso wakalisukuma jiko.

Halikuingia. Kona za mbele ziligonga makabati pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Sekhobe aliupima mwanya tena, jiko likiwa limeuegemea. Hamsini na tisa. Wakalivuta nyuma, akapima. Sitini na nusu. Wakalisukuma. Hamsini na tisa.

"Mbao zinavimba," alisema Sekhobe.

"Na kunywea?" aliuliza Puseletso.

"Na kunywea."

"Ndani ya dakika moja?"

"Mbao za reli, ausi," alisema, kama dada wanavyoitwa pale. "Zimezoea kwenda na kurudi."

Akaenda kwake kuchukua randa ili apunguze ubao wa kulia kidogo. Aliporudi, Puseletso alikuwa amesimama mbele ya kabati, mikono kiunoni.

"Weka kitu hicho chini. Ubao huo baba aliubeba mgongoni."

"Si ndio nasikia alikuwa na mgongo mbaya."

"Ndio uliompa huo mgongo mbaya. Weka chini."

Siku ikaisha hivyo, jiko likiwa katikati ya jikoni, watu wakipita kwa ubavu kwenda kwenye sinki.

Jumatano asubuhi MaPuseletso alikunywa uji wake akiutazama mwanya. Alikuwa mwanamke mwenye udadisi, na tangu miguu yake ilipoanza kumsumbua hakuwa na mengi ya kudadisi.

"Jaribuni kitu kingine," alisema. "Huenda haupendi gesi."

Puseletso alichukua ufagio, akausogeza kwenye mwanya. Mbao za kulia na kushoto zikakaribiana taratibu, bila kelele, mpaka nafasi ikawa nyembamba kuliko mpini. Alipouondoa, zikarudi. Akajaribu ndoo ya biskuti, ikawa vile vile. Sekhobe akajaribu sanduku lake la spana, nalo likakataliwa. Wakaliburuta jiko la zamani kutoka uani, na hilo likaingia bila shida yoyote, likakaa pale kama kwamba halijawahi kuondoka, ikabidi walitoe mara ya pili. Paka aliingia, akanusa bomba la gesi, akatoka. Paka hakuwa wa mtu.

Majirani wawili watatu walikuja kuangalia. Walisema ni kweli, unajifunga, wakamwuliza MaPuseletso hali ya miguu, wakarudi kwao kupika.

"Leteni kitu cha Tshokolo," alisema MaPuseletso.

Tshokolo alikuwa mtoto wake wa pili na wa mwisho. Aliishi kwenye fleti upande wa pili wa mji, alivaa kitambulisho cha kazi shingoni hata siku za mapumziko, na vitu vyake visivyotosha kwenye fleti aliviweka kwenye banda la uani kwao. Puseletso alileta kutoka bandani mpira wa Tshokolo wa enzi za shule, uliokwisha upepo. Ukaingia. Akaleta kreti ya chupa tupu. Ikaingia. Sekhobe, ambaye sasa alikuwa amesahau kabisa kwamba ana kazi kwingine, aliita vijana wawili wapita njia wakamsaidia kubeba sofa ambalo Tshokolo alilileta alipoachana na mchumba wake. Lilikuwa sofa la watu wawili, la mita moja na nusu.

Likaingia. Lilikaa kati ya makabati mawili, na mito yake, na nafasi kidogo ikabaki pande zote. Makabati hayakuwa yamesogea. Sekhobe alipima mwanya sofa likiwa ndani. Sentimita sitini na nusu.

"Sawa," alisema, akaandika namba hiyo kiganjani.

MaPuseletso alicheka mpaka akajifuta macho. "Unampenda. Mwanya unampenda kitinda mimba wangu. Amedekezwa na baba yake, sasa anadekezwa na kabati."

Puseletso hakucheka. Alikwenda chumbani kwake akarudi na sanduku la vifaa vya baba yake. Siku mama yao alipovuliwa nguo za msiba na vitu vya marehemu vikagawanywa, kofia ilikwenda kwa mjomba, koti kwa Tshokolo, na sanduku la vifaa kwa Puseletso, mbele ya watu wote. Ndani yake mlikuwa na msumeno, patasi na nyundo zilizotengeneza makabati hayo hayo.

Walilitoa sofa. Puseletso akalisogeza sanduku kwenye mwanya, na mwanya ukajifunga.

Akasimama kidogo. Kisha akachukua sufuria kubwa ya mama yake, ile ya tangu harusi.

"Hiyo itaingia," alisema MaPuseletso. "Hiyo imekuwa humu kabla ya makabati."

Haikuingia. Puseletso alijaribu kuipitisha kwa mbele, kwa ubavu, na kwa kuiinamisha. Kila mara mbao zilikaribiana kwa upole ule ule.

Sekhobe ndiye aliyeongea, kwa sababu alikuwa hawezi kunyamaza, si kwa sababu alitaka.

"Haujali nani anasukuma. Sofa nimelisukuma mimi. Unajali kitu ni cha nani. Na jiko la zamani lilikuwa la nyumba." Akajikuna kiganja penye namba, akamgeukia MaPuseletso kwa neno wanaloitwa akina mama wa pale. "Mme, samahani kuuliza. Nyumba hii ni ya nani?"

"Yetu," alisema MaPuseletso.

Kisha akaitazama sufuria yake. "Mpigieni Tshokolo aje. Sofa lake mlirudishe pale pale."

Tshokolo alikuja Alhamisi baada ya kazi, kabla jua halijazama, na funguo za gari mkononi. Alimsalimu mama yake kwa heshima, akamsalimu dada yake, akamsalimu Sekhobe, ambaye hakuna aliyekuwa amemwita. Kisha akaona.

"Sofa langu linafanya nini hapo?"

"Limekaa," alisema mama yake. "Na wewe kaa. Nyumba hii ni ya nani?"

Tshokolo hakukaa. Alilitazama sofa, akalitazama jiko jipya lililosimama katikati ya jikoni, akatazama futi iliyokuwa juu ya kaunta.

"Ni ya familia, Mme."

"Mwanya unasema ni ya mtu mmoja."

Tshokolo aliuangalia mwanya kama mtu anavyomwangalia mfanyakazi mwenzake aliyeropoka kwenye mkutano.

"Iko kwa jina langu," alisema. "Lakini hilo ni jina tu."

"Nani aliliweka?"

"Wewe, Mme. Ulisaini mwenyewe. Si unakumbuka, ulikuwa bado kwenye nguo nyeusi?"

MaPuseletso alikumbuka. Mwaka ule hakukanyaga ofisi yoyote. Mjane aliyevaa nguo nyeusi hapangi foleni na watu, hamshiki mtu mkono, na jua likizama awe ameshafika kwake. Basi mambo yote ya marehemu alimtuma mwanawe. Jumapili moja, baada ya chakula, Tshokolo alileta karatasi, akamwonyesha kwa kidole pa kusaini, naye akasaini. Hakuuliza kitu. Mjane akiuliza habari za mali kabla udongo haujashuka kaburini, watu watasema alikuwa anasubiri.

"Nilijua nasaini jina la baba yako litoke," alisema.

"Lilitoka."

"Na langu liingie."

"Mme, lako lingeingia ili iweje? Nawe ukifa tungeanza upya. Mtu wa ofisini aliuliza mrithi ni nani, nikasema mtoto wa kiume. Si ndivyo ilivyo?"

"Na mimi?" aliuliza Puseletso. Alikuwa anachekecha unga, na hakuacha.

"Wewe utaolewa, ausi."

"Nina miaka arobaini na sita."

"Watu wanaolewa."

"Na nani? Nitajie mmoja tu, nimpikie leo."

Sekhobe akakohoa.

"Wewe nyamaza," alisema Puseletso.

"Sijasema neno! Ni unga huo."

Tshokolo aliinua mikono yote miwili, funguo zikalia. "Nauliza kitu kimoja. Nimemfukuza nani? Kuna mtu humu ndani nimemfukuza?"

Hakuna aliyekuwa amefukuzwa. Hilo lilikuwa kweli, na alilisema tena, na tena mara ya tatu kwa sauti ya chini kidogo.

"Basi rudi ofisini," alisema mama yake, "ukaweke majina yetu sote. Sivai tena nyeusi. Nitakwenda nawe, nitapanga foleni kwa miguu hii hii."

"Nitaliangalia, Mme. Mwezi ujao. Mwezi huu kazini tuna ukaguzi."

MaPuseletso alikuwa amemlea yeye mwenyewe na alijua sauti yake ya kuangalia jambo. Aligeukia dirisha. Ilibaki sauti ya chekecheo.

Puseletso alimaliza unga wake. Aliupima kwa macho, akaitazama saa ya ukutani, akahesabu kichwani: Ijumaa usiku watu wanakesha msibani, Jumamosi alfajiri wanataka chai. Alijifuta mikono kwenye aproni.

"Toeni sofa," alisema.

Tshokolo na Sekhobe wakalitoa.

"Tshokolo, hili jiko nimekupa."

"Nini?"

"Jiko. Ni lako. Mama anasikia, Sekhobe anasikia. Sema umepokea."

"Ausi, usiwe hivyo sasa."

"Nina ndoo nne za biskuti. Sema."

"Nimepokea," alisema Tshokolo, kwa sauti ya mtu aliyepakatishwa mtoto aliyelowa.

Sekhobe alikuwa ameshika jiko kwa kidole kimoja tu, akijiandaa kusukuma. Likaingia kama droo. Halikugusa kulia wala kushoto, na sehemu yake ya juu ililingana na kaunta hivi kwamba marehemu mwenyewe angepitisha kiganja na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Sekhobe aliweka pima maji juu yake. Kiputo kikasimama katikati. Akaunganisha bomba, akapaka povu la sabuni kwenye maungio, akasubiri, hakuona kiputo hata kimoja. Akawasha. Moto ulikuwa wa bluu.

"Limekaa vizuri," alisema MaPuseletso bila kugeuka.

"Limekaa," alisema Puseletso.

Tshokolo aliomba kipande cha mkate wa kuondoka nacho. Alipewa.

Ijumaa asubuhi Puseletso aliwasha oveni, akasubiri ipate joto, akachukua trei ya kwanza ya skonzi. Alifungua mlango wa oveni na kuisukuma trei ndani. Ilipofika kwenye usawa wa makabati ikasimama. Mbao hazikuweza kusogea, kwa kuwa jiko lilikuwa katikati yake. Badala yake ni mdomo wa oveni uliojibana, polepole, ukawa mwembamba kama wa sanduku la barua.

Alijaribu trei ya biskuti, ikawa vile vile. Skonzi zilikuwa zake na biskuti zilikuwa zake, na oveni ilikuwa ndani ya mwanya. Sufuria juu ya mafiga hazikuwa na tatizo, kwa sababu mwanya ulianzia sakafuni ukaishia kwenye kaunta, na yaliyo juu ya kaunta haukuyaingilia.

Unga ulikuwa umeshaumuka, na haukuwa unga wa kusubiri ukaguzi wa kazini wa mtu uishe.

"Mwambie," alisema mama yake.

"Nimwambie nani?"

"Huo mwanya. Uambie unachotaka kusikia."

Puseletso aliishika trei kwa matambara mawili. "Za Tshokolo," alisema.

Oveni ikafunguka. Trei ikaingia.

Zilipoiva alizitoa bila kusema kitu. Kwenye kutoka, mwanya haukuuliza. Alijaribu mara mbili kuhakikisha, kisha akaendelea kwa mwendo wake wa kawaida. Za Tshokolo, alisema, akafunga mlango. Za Tshokolo, na trei nyingine. Kufika adhuhuri alikuwa analisema kama watu wanavyosema samahani wakipita mbele ya mtu. Ndoo nne zilijaa. Jumamosi kiongozi wa kwaya alizikwa vizuri, na watu wakasema biskuti zilikuwa laini kuliko za mwaka jana.

Mwezi ujao ulifika, ukafuatwa na mwingine. Kazini kwa Tshokolo baada ya ukaguzi kulikuwa na mafunzo, na baada ya mafunzo kulikuwa na mtu aliyeacha kazi ikabidi yeye ashike nafasi mbili. MaPuseletso alijiandaa kwenda ofisini mara moja, akavaa viatu vizuri na blanketi lake la kutokea, akakaa kwenye kiti cha mlangoni mpaka chakula cha mchana kikapoa. Akavua viatu.

Sasa wateja wanaokuja kuchukua skonzi hupanga foleni mlango wa nyuma, ulioshikiliwa wazi na sanduku la vifaa vya marehemu, kwa kuwa mlango ule una tabia ya kujifunga na sanduku ni zito. Husikia Puseletso akisema jina la mdogo wake mbele ya kila trei, na hawainui macho kutoka kwenye simu zao. MaPuseletso naye huoka mkate siku za Jumamosi. Huinama kwa shida mbele ya oveni, hulisema jina haraka, kama kumaliza sala ya chakula, kisha hunyooka akijishika kwenye kaunta.

Jumapili moja Tshokolo alikuja na nguo zake za kufua. Alisimama jikoni, akachukua skonzi kutoka kwenye trei iliyotoka sasa hivi, akala, akachukua ya pili. Alikula ya tatu ameegemea kabati, kitambulisho shingoni, makombo yakidondoka kwenye vigae.

"Ausi," alisema, mdomo umejaa, "skonzi zako leo ni tamu sana."

Puseletso alikuwa ameinama na trei nyingine mikononi.

"Si zangu," alisema. "Sogea."